Ngoma Katikati ya Magoti

Treni ilipoondoka Gulwe, dada aliyeketi mbele yangu alimwambia bibi wa pembeni yake kwamba anakwenda Dodoma kumwona mshauri nasaha. Akisimama kuzungumza kwenye vikao vya ofisini, sauti inamkauka.

"Mshauri wa nini, mjukuu wangu?" bibi alishangaa. "Sisi tulipewa muheme, ngoma ya wanawake wa kwetu. Unaibana ngoma katikati ya magoti, shangazi zako wanakutazama, unapiga mpaka woga unakutoka."

Nilifunua gazeti ambalo sikuwa na nia ya kulisoma.

"Nami nilipiga, bibi. Nilipohamia mjini nikaacha, woga ukarudi. Mshauri aliniuliza ni lini kwa mara ya mwisho nilisimama mbele za watu bila kuogopa. Nikakumbuka muheme wa mavuno, mimi na marehemu mama. Nililia palepale. Sasa kila nikienda tunaanzia hapo."

"Basi kilichokusaidia ni muheme."

"Ni kuulizwa, bibi."

Walibishana hivyo hadi Dodoma. Treni ilipoanza kusimama, dada aliubana mkoba wake magotini, akaupiga taratibu kwa viganja. Bibi alisikiliza, kafumba macho.

"Ongeza nguvu," alisema. "Huyu mwenye gazeti hajasikia vizuri."