Punje za Bi Mwanahawa

Kijiwe chetu cha Mwembesongo ni benchi moja la mninga, miguu mitatu na tofali, mbele ya jiko la Mzee Stambuli muuza kahawa. Nimelikalia tangu enzi za foleni ya sukari mpaka hizi za ruksa, ambapo kila uchochoro una duka na kila duka lina kompyuta, na sijawahi kushindwa hoja. Wananiita Sita B kwa sababu ndipo nilipoishia shule. Mwalimu mwenyewe alikiri hana cha kuniongezea. Alasiri hiyo ya mwaka tisini na tisa benchi lilikuwa linafuka kuliko dele la kahawa. Bi Mwanahawa kashuka kutoka Towelo kwa miguu kuchukua kitabu cha ukoo wake, kurasa kumi na mbili, kimechapwa siku ile ile kwenye duka la kompyuta, jalada lina maua pembeni. Kesho saa nne anatakiwa nacho mbele ya baraza la kata. Kasimiri, mtoto wa kaka yake, kauza shamba la migomba la ukoo kwa bwana mmoja mwenye gari. Na kwao milimani ardhi hufuata tumbo la mama; mtoto wa kaka ni wa ukoo wa mama yake, hana hata shina moja la kuuza. Kitabu ndicho kilichokuwa kionyeshe nani katoka tumbo la nani, maana baraza lilishasema karatasi za kalamu halizisomi. Basi Laurenti, aliyekuwa mtunza stoo kiwandani kabla hawajampunguza, akafungua ukurasa wa kwanza.

LAURENTI: "Mwanaasha Shamsia Mwanahawa Kasimiri shamba la migomba shamba la mtoni..." Hii nini sasa? Ukoo au kikosi cha mpira?

HAMZA: Lete nione. Duh! Kasimiri kapangwa mstari mmoja na Bibi! Hata shamba limo, kama ndugu yao!

(Huyo Hamza anauza mitumba, ana miaka ishirini na tano na kelele za miaka hamsini.)

BI MWANAHAWA: Kwa hiyo kesho nikikitoa hiki, kinasema nini?

LAURENTI: Kinasema Kasimiri ni mrithi kama wewe, Bibi.

Kikawaka. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, maana dhuluma sipatani nayo.

MIMI: Huu ni unyang'anyi! Tumchukulie hatua mwenye duka! Kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo tumtafute mbali!

STAMBULI: Nguoni mwa nani?

MIMI: Mwa yeyote, Mzee. Methali haichagui nguo.

HAMZA: Baba Rahel, si binti yako ndiye aliyeandika? Atueleze.

LAURENTI: Mwache mwanangu! Rahel anasoma chuo, Mzumbe, siyo anauza suruali za marehemu. Alikaa na Bibi siku mbili, akaandika kila kitu kwenye kompyuta, maandishi matupu yasiyo na urembo. Mbele ya kila jina akaweka vireli, vile vimistari vinavyokatizana. Kimoja kwa bibi mkuu, viwili kwa mtoto wake, vitatu kwa mjukuu. Mashamba akayatia nyota. Akaniambia, baba, dukani kuna programu inayosoma hizo alama. Kireli kinageuka kichwa cha habari, vireli viwili ngazi ya chini yake, kurasa zinapata namba, na alama zenyewe zinapotea. Kinatoka kitabu.

HAMZA: Sasa mbona alama zimepotea, na kitabu hakijatoka?

Kijiweni mtu hakai na swali kama kakalia kaa la moto; analirusha kwa mwenzake.

LAURENTI: Wametumia programu ya mtumba. Siku hizi kila kitu ni mabaki ya watu. Zamani kiwanda cha serikali kisingekubali upuuzi huu.

HAMZA: Mtumba usiuguse! Hiyo shati uliyovaa niliitoa mimi kwenye belo. Sikia, tatizo ni mwaka elfu mbili. Redio imesema ukifika, kompyuta zote zitasahau. Sasa zimeshaanza kupoteza kumbukumbu. Zinaanza na vitu vidogo. Leo vireli. Kesho majina. Keshokutwa benki nzima haijui hela ni ya nani.

STAMBULI: Mimi nasema yule mwenye gari kapita dukani kabla yetu. Soko huria, bwana. Ukinunua shamba, utashindwa kumnunulia Kasimiri nafasi kitabuni?

MIMI: Nyote mko chini sana. Tazameni Bondwa kule juu, ile minara ya mawimbi. Minara inavuta. Nyota asili yake ni juu, kwa hiyo ndizo zinazovutwa kwanza. Na vireli ni chuma, vinafuata. Haba na haba huvunja kibaba.

STAMBULI: Hujaza, Sita B.

MIMI: Mnara haujazi, Mzee, unatoa. Mnabishana na mtu wa fani? Mwaka themanini na nne karatasi hakuna, wino hakuna, mimi nilichapa kadi mia tatu za harusi kwa kiazi cha kuchonga. Bibi harusi alilia kwa uzuri wake.

STAMBULI: Alilia kwa sababu jina lake lilisomeka kinyumenyume. Alikuwa mpwa wangu.

MIMI: Hata hivyo walioana! Na hii kazi ya Bibi nimeisimamia mwenyewe. Laurenti ana mguu mbovu. Diski nimeipeleka mimi. Nimesimama nyuma ya Geofrey, yule fundi wao, saa nzima, mpaka ikatoka safi.

LAURENTI: Saa nzima? Rahel kasema ni ya dakika mbili.

MIMI: Mambo mazuri hayataki haraka.

Kabla hajaniuliza la pili, pikapu la Mzumbe likasimama, Rahel akashuka na begi lake.

RAHEL: Shikamooni wazee. Shikamoo Bibi. Nimekuja kukiona kitabu chetu.

Tukaitikia, marahaba nyembamba. Akakichukua. Alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa mwisho.

RAHEL: Programu haijakosea. Ingekataa kuzisoma alama, zingebaki, mngeona vireli vimejaa ukurasa mzima. Hapa imeletewa maandishi yasiyo na alama hata moja. Nani kazifuta?

Laurenti akamtazama Hamza. Hamza akatazama Bondwa. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu, nikaona mashapo.

RAHEL: Ilikuwa diski moja tu, sina nakala. Geofrey anafunga saa mbili usiku. Nani kazifuta?

Bi Mwanahawa alikuwa ameniangalia muda mrefu.

BI MWANAHAWA: Wewe Sita. Kule dukani uliona nini?

MIMI: Uchafu, Bibi. Kioo kizima kimejaa viuchafu, vijinyota, vijifito. Nikamwambia Geofrey, mpe Bibi kitabu kisafi. Akasema, mzee, nina wasiwasi. Nikamwambia siku hizi mteja ni mfalme. Tukafuta kimoja kimoja.

HAMZA: Na minara ya Bondwa je?

Nikampa mgongo. Mtu mzima hubishana na wenzake.

BI MWANAHAWA: Ule haukuwa uchafu. Mimi herufi sizijui. Najua punje. Mama alinifundisha kwa punje za mahindi mkekani: moja kwa aliyeanza, mbili kwa aliyetoka tumboni mwake, tatu kwa aliyefuata. Nikiangusha punje, huyu binti anaandika kireli. Ulichokaa saa nzima ukifagia ni mama yangu na mama yake. Stambuli, una punje?

STAMBULI: Kahawa mbichi tu, Bibi. Ya kuuza kesho.

BI MWANAHAWA: Lete. Na huyu mpeni kalamu.

Wakaondoka kwenye benchi, likawa mkeka. Rahel akakishika kitabu, anasoma jina. Bibi anaangusha punje. Mimi nimepiga magoti vumbini, natia vireli pembeni ya jina ili Rahel avirudishe kwenye diski kabla Geofrey hajafunga, jasho linanitoka. Mwanaasha, moja. Shamsia, mbili. Mwanahawa mwenyewe, tatu, taratibu, kama anaweka mayai. Tukafika kwa Kasimiri. Nikasubiri mlio wa punje juu ya ubao. Kimya.

MIMI: Huyu vireli vingapi, Bibi?

Bibi akafumba kiganja.

BI MWANAHAWA: Huyo nenda ukamuulize mama yake.

Nikapita bila kuandika kitu. Nikamnyooshea Stambuli kikombe bila kuinua macho. Akaligeuza dele juu chini, halikutoa hata tone, kisha akanionyesha benchi lililojaa punje.

STAMBULI: Kahawa iko kazini. Endelea.