Ndoo za Alfajiri

FUNDI: Haloo? Nani huyo?

DADA: Nani huyo? Umenikatia simu sasa hivi, sikio langu halijapoa, halafu unaniuliza nani huyo?

FUNDI: Sikukata. Mtandao.

DADA: Mtandao ulikata pale pale nilipotaja nyanya zako. Una akili kuliko wewe.

FUNDI: Dada, nimeshakwambia. Mgongo. Siwezi kukaa kwenye benchi lile nusu siku nikisikiliza—

DADA: Mgongo haukukataza kula. Wifi yangu kapita hapa anakwenda kusaga, kasema umemaliza sufuria peke yako.

FUNDI: Huyo naye mdomo wake hauna komeo.

DADA: Usimsingizie mke wako. Niko hapa mlangoni pa stoo ya kikundi, walio ndani hawanisikii. Watu wote wamefika, bwana shamba kafika, kiti kitupu ni chako tu. Na mimi katibu nimeshasoma matokeo ya mashamba yote manne. Unataka kujua walivyoyapokea?

FUNDI: Sitaki.

DADA: Nitakwambia. Nimesoma lako: upande wa nyasi, kreti ishirini na moja. Upande mtupu, ishirini na mbili. Dereva akajipiga paja. "Shamba la Fundi limesema." Bi Mashine naye akasema nyasi ni za ng'ombe, tumwachie ng'ombe.

FUNDI: Sasa kosa langu liko wapi? Si limesema?

DADA: Shamba halisemi, Fundi. Lako limesemeshwa.

[Inakwaruza.]

FUNDI: Eh? Nakusikia nusu nusu.

DADA: Unanisikia yote. Hebu niambie kwa mdomo wako, tulikubaliana nini mwanzo wa msimu?

FUNDI: Unanifanya mtoto wa darasa la kwanza.

DADA: Yule ana afadhali, anakumbuka. Sema.

FUNDI: Kila mtu agawe shamba lake nusu kwa nusu. Nusu tufunike udongo kwa nyasi kavu, nusu tuache wazi kama tulivyozoea. Kila nusu inywe ndoo nne, leo ndiyo, kesho hapana. Mwisho tuhesabu kreti. Nimesahau nini, mwalimu?

DADA: Umesahau moja. Upande mtupu ukisinyaa, uachwe usinyae.

[Kimya.]

DADA: Fundi.

FUNDI: Nipo.

DADA: Siku uliyokuja kuziba ufa wa jiko langu ulivua shati. Bega la kulia limechubuka kama la punda. Mtu wa ndoo nne anabeba kwa mikono. Mzega wa nini begani, ndoo huku na ndoo huku?

FUNDI: Ile mifuko ya saruji.

DADA: Saruji gani? Tangu mwaka jana hujashika saruji zaidi ya ile ya jikoni kwangu, na hiyo niliibeba mimi.

FUNDI: Kwa hiyo siku ile nafanya kazi, wewe unanikagua mabega.

DADA: Ulimwagilia upande mtupu. Kwa siri. Kataa.

FUNDI: Dada, wewe shamba lako liko wapi?

DADA: Usinizungushe.

FUNDI: Jibu tu. Liko wapi?

DADA: Nyuma ya nyumba.

FUNDI: Nyuma ya nyumba. Anayeliona ni wewe na kuku. Langu liko barabarani, njia ya mashine ya kusaga. Kila mwenye debe kichwani lazima apite. Unajua maana ya kusimama hapo na nyanya zako zimelala chini kama walevi? Watu wanakusalimia kwa sauti ya hospitali. "Fundi, pole." Pole ya nini, sijafiwa.

DADA: Ungewaambia ni majaribio.

FUNDI: Niliwaambia. Wakasema "aaa", ile "aaa" ya kumwitikia mgonjwa. Halafu akapita yule.

DADA: Yule nani?

FUNDI: Yule niliyemfundisha kushika mwiko. Ukuta wake wa kwanza si unaukumbuka? Umeinama kama umeangusha sindano. Sasa ana pikipiki, ana kofia ya kihandisi. Kasimamisha pikipiki yake, kaangalia shamba upande huu, kaangalia upande ule, kaniuliza, "Fundi, hii nusu vipi, mchanga ulizidi?"

DADA: [Anacheka.] Mchanga ulizidi.

FUNDI: Cheka.

DADA: Nacheka ndiyo. Watu wazima tumekaa msimu mzima tunajaribu kitu cha maana, wewe umekizamisha kwa neno la mtu wa pikipiki. Kamati ya kisima imeshatangaza, msimu ujao pampu itafunguliwa siku mbili kwa wiki. Mbili. Kama nyasi hazishiki maji, basi hatuna cha kushika. Na hawa hapa wanataka kupiga kura waziache. Turudi kulima wazi, kwa maji ya siku mbili. Nyanya zitakauka na maua yake.

FUNDI: Waache wapige.

DADA: Wanapiga kwa sababu yako. Wanasema Fundi hupima kila kitu, Fundi hupanda kwa uzi na timazi, Fundi ndiye aliyetia alama ya msumari kwenye ndoo zote zilingane. Fundi hawezi kukosea. Nimesimama hapa nawaangalia, nasema moyoni, laiti mngeliona bega.

FUNDI: Kwani kura ni ya mashamba mangapi?

DADA: Manne.

FUNDI: La Dereva lilitoa ngapi?

DADA: Kumi na tisa, kumi na tisa.

FUNDI: Bi Mashine?

DADA: Ishirini wa nyasi, ishirini na moja mtupu. Unataka kufika wapi?

FUNDI: Nataka kufika kisimani alfajiri. Siku ya kwanza nimetoka na mzega wangu taratibu, hata jogoo hajui. Nafika, namkuta Bi Mashine anajaza ndoo.

DADA: Bi Mashine?

FUNDI: Yeye. Kajitanda khanga mpaka puani kama mwizi wa kuku. Tukatazamana. "Umeamkaje, Fundi?" "Salama, Bi Mashine. Baridi leo." "Baridi kweli." Kajitwisha ndoo yake, huyo.

DADA: Unatunga.

FUNDI: Ngoja. Siku ya zamu iliyofuata nikamkuta Dereva. Yeye hana aibu, kaja na toroli. Madumu sita. Kufika zamu ya nne, tulikuwa watatu. Dada, tulipanga foleni.

DADA: Foleni.

FUNDI: Foleni ya heshima kabisa. Tunapishana, "tangulia wewe", "hapana, tangulia wewe". Hakuna aliyemuuliza mwenzake maji ya nini. Msimu mzima. Siku moja Dereva kaumwa, Bi Mashine kaniuliza, "Mwenzetu leo vipi?" Mwenzetu.

DADA: Na sasa hivi namwona Dereva kakaa kule ndani, kakunja nne, uso kama hakimu.

FUNDI: Mwangalie vizuri. Huyo ana madumu sita moyoni.

DADA: Watu wazima. Wenye wajukuu. Mnaamka gizani kujiibia majaribio yenu wenyewe.

FUNDI: Sio kuiba. Ni kusitiri.

DADA: Kusitiri nyanya.

FUNDI: Ndiyo.

DADA: Wewe ulikuwa unaupelekea ndoo ngapi huo upande mtupu wako?

FUNDI: Nane za ziada. Kila siku ya zamu.

DADA: Nane, au unakisia?

FUNDI: Dada, mimi nikibeba kitu lazima nikihesabu. Nimechora kwa mkaa ukutani. Nane juu ya zile nne. Kumi na mbili.

DADA: Na upande wa nyasi?

FUNDI: Nne tu. Ule sikuuongezea hata tone, ulikuwa unapendeza wenyewe. Wapita njia wakiuangalia ule nasikia raha.

[Inakwaruza.]

FUNDI: Dada? Umekatika?

DADA: Rudia.

FUNDI: Nirudie nini?

DADA: Wa nyasi umekunywa ndoo nne ukatoa kreti ishirini na moja. Mtupu umekunywa kumi na mbili, ukatoa...

FUNDI: Ishirini na mbili.

DADA: Kreti moja. Umevunja bega kwa kreti moja.

FUNDI: Ukilisema hivyo—

DADA: Fundi, wewe ni mjinga wa aina gani? Maji mara tatu, kreti zilezile. Nyasi zimefanya kazi. Zimefanya kazi mbele ya macho yako, na wewe umekaa na ushahidi ukutani umechorwa kwa mkaa, unasema mgongo.

FUNDI: Sikuliangalia upande huo.

DADA: Ulikuwa unaangalia barabara.

FUNDI: Basi waambie. Wewe si katibu? Andika.

DADA: Niandike nini? "Imesemekana kwa simu"? Njoo useme mwenyewe. Wewe ukisema, Dereva na Bi Mashine hawatakuwa na pa kujificha.

FUNDI: Nije nisimame mbele ya bwana shamba na kofia yake, niseme mimi Fundi, mtu wa timazi, nilikuwa namwagilia kwa kificho kwa sababu watu wa debe walinipa pole? Si nitafute shimo kabisa.

DADA: Afadhali aibu ya nusu saa kuliko njaa ya msimu.

FUNDI: Maneno hayo matamu sana yakimhusu mwingine. Na la kwako?

DADA: La kwangu lipi?

FUNDI: Lako lilitoa ngapi?

DADA: Si unajua.

FUNDI: Nataka kulisikia.

DADA: Thelathini wa nyasi. Tisa mtupu.

FUNDI: Thelathini. Sisi wote nyasi zetu zimegota kwenye ishirini, zako zimepanda mpaka thelathini. Nyasi za dhahabu hizo?

DADA: Mimi napalilia. Nyie mnapalilia kwa macho.

FUNDI: Niliziba ufa wa jiko lako siku ile, si ndiyo? Nikatoka kwenda kunawa huko nyuma, nikapita bandani. Banda limefagiliwa, dada. Limefagiliwa mpaka kuku wanaona haya kukanyaga. Ule mlima wa mbolea uliokuwa pale mwaka mzima ulikwenda wapi?

DADA: [Kimya.]

FUNDI: Haloo?

DADA: Sauti inakuja na kupotea.

FUNDI: Inakuja vizuri sana. Mbolea ya kuku ililala chini ya nyasi. Upande mmoja tu. Kataa.

DADA: Ilikuwa kidogo.

FUNDI: Mifuko mingapi?

DADA: Kidogo, nimesema.

FUNDI: Mfuko mmoja?

DADA: Mitano.

FUNDI: Mitano. Na umenisimanga mimi hapa robo saa nzima, mjinga, punda, mwizi wa maji.

DADA: Mwizi wa maji sikusema.

FUNDI: Ulikuwa unaelekea huko.

DADA: Fundi, mimi ndiye niliyelileta jambo hili. Niliwaomba nyumba kwa nyumba. Mara tatu nilikwenda kwa Dereva, mara tatu akanitolea stuli bila kuniambia kaa. Nikaona kama langu likishindwa, watanicheka mpaka niingie kaburini. Nikasema niwape kitu cha kuona.

FUNDI: Wameona.

DADA: Bwana shamba kabandika picha yangu hapa stoo. Nimeshika nyanya mbili.

FUNDI: Umezishika kama mapacha. Niliiona.

DADA: Wewe njoo sema lako linatosha. La kwangu halina haja—

FUNDI: Lina haja kuliko la kwangu. Mimi nikisema nyasi hutoa kreti ishirini na moja kwa ndoo nne, Dereva ataniuliza, mbona za dada yako thelathini kwa ndoo zilezile? Nitamjibu nini? Hesabu yangu inaanguka pale pale. Ukuta mmoja ukipinda, nyumba nzima imepinda.

DADA: Salio langu linaisha.

FUNDI: Salio lako haliishi hata siku moja, leo ndio limepata pa kuishia.

DADA: Ngoja. Ngoja, wanasema kitu. [Sauti za watu.] Bi Mashine anataka tupige kura sasa hivi, ana wateja wa kusaga.

FUNDI: Huyo ana haraka. Anaogopa nitafika.

DADA: Wananyanyua mikono. Fundi, wameanza.

FUNDI: Waambie washushe. Waambie mjumbe mmoja yuko njiani.

DADA: Jamani, shusheni kwanza. Shusheni. Fundi anakuja. [Sauti za watu.] Dereva anauliza, si alisema mgongo?

FUNDI: Mwambie nakuja na mzega. Atanyamaza.

DADA: Kanyamaza.

FUNDI: Na Bi Mashine?

DADA: Anarekebisha khanga.

FUNDI: Haya. Navaa shati.

DADA: Fundi, mdogo wangu. Ukifika, anza wewe.

FUNDI: Mkubwa nani?

DADA: Leo usilete mambo ya mkubwa.

FUNDI: Robo saa nzima ulikuwa mkubwa. Umechoka sasa?

DADA: Nitaanzaje? Nisimame chini ya picha yangu mwenyewe niseme nini?

FUNDI: Sema mifuko mitano. Usiseme kidogo. Mimi nitasema ndoo nane. Tukimaliza, wakitaka kucheka wacheke, lakini mikono watainyanyua wakijua wanachonyanyulia. Nibakishie nafasi hapo mbele.

DADA: Pale mbele kuna meza na mizani, hapatoshi watu wawili.

FUNDI: Tutabanana. Kata simu, nafunga mlango.

[Mlango.]