Mzee Mizimu na Wasomaji Wake

Ndugu, jamaa na marafiki, pamoja nanyi wasomaji mliosafiri kuja kumsindikiza: wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, fundi redio, ambaye hajawahi kuandika jambo refu kuliko kikaratasi cha kubandika kwenye redio mbovu. Marehemu angekuwa hai angeupitia kwa kalamu nyekundu hadi usitambulike. Makosa yote yaliyomo ni ya mdogo wake.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi wa mabehewa na mshona mashuka ya hospitali. Alikuwa mwoga kupindukia. Aliogopa popo, sindano, visima, na jogoo mmoja wa jirani ambaye, tuseme ukweli, hata watu wazima walimkwepa. Akagundua mapema kwamba akiwatisha wenzake kwanza, hakuna atakayeona magoti yake yanavyogongana. Ndiyo ikawa kazi yake ya maisha.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia 1958 hadi 1964, kisha sekondari hadi 1968. Darasa la sita waliagizwa insha kuhusu siku ya kwenda sokoni, naye akaandika habari za muuza nyama asiye na kivuli. Mwalimu alimpa alama tatu kati ya ishirini. Baada ya vipindi alimwita pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hebu niambie, ni yupi huyo? Yule wa kona au yule mwenye bucha la bluu?"

Mwaka 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, yaani mtu anayesoma kila ukurasa kabla haujachapwa ili kukamata makosa. Alikaa kwenye meza ileile, dirishani, kwa miaka thelathini na mitatu. Nyuma ya karatasi zilizoharibika aliandika riwaya kumi na moja za kutisha, na wasomaji wakambatiza jina la Mzee Mizimu akiwa hajafika hata miaka thelathini. Mtu huyo aliyewanyima watu usingizi hakuthubutu kuingia stoo ya karatasi peke yake. Mfagizi alimsindikiza hadi alipostaafu, na hakumsema kwa mtu.

Mwisho wa kila riwaya kulikuwa na ukurasa wa kukatwa kwa mkasi, wenye kichwa "Maoni ya Msomaji", nao uliletwa kiwandani kwa posta. Maoni hayo marehemu aliyathamini kuliko vitabu vyenyewe. Muuguzi mmoja aliandika: "Nilikuwa nasoma zamu ya mchana, mgonjwa akanigusa bega kuomba maji. Nilipiga ukelele, sasa wodi nzima ina presha." Fundi cherehani akalalamika: "Mzimu wako anabisha hodi. Mzimu gani ana adabu hivyo?" Mwalimu mkuu alimwandikia kwamba anaharibu vijana, kisha akauliza sehemu ya pili inatoka lini. Dereva wa lori aliona kwamba ukurasa wa 88 maiti ana kilemba, ukurasa wa 91 hana, akataka kujua kilemba kimekwenda wapi. Waliomsifu hakuwajibu; sifa aliziona kilemba cha ukoka. Dereva huyu wa kilemba alimwandikia kurasa mbili za kuomba radhi, na kwa wiki nzima hakula vizuri.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mpanga herufi wa kiwandani hapohapo. Kwa miezi minane kabla ya posa, kazi za binti huyo zilijaa makosa ya ajabu, na kila kosa lilimlazimu msahihishaji anyanyuke kwenda mezani kwake. Msimamizi alitaka kumfukuza. Binti huyo, shemeji yetu ambaye naye sasa ni marehemu, alipoulizwa, alijibu, "Bosi, makosa yangu yana mwenyewe." Walijaliwa mabinti wawili. Wa kwanza alizaliwa tarehe 2 Mei 1977, tukamwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Wa pili alizaliwa 1980, akawa kimya kwa wote wawili.

Chiriku alifariki tarehe 9 Septemba 1986 kwa homa ya uti wa mgongo, baada ya kuugua siku tatu. Tangu hapo jina lake halikutajwa ndani ya nyumba ile. Picha zake zilitolewa ukutani, na marehemu alijitupa kwenye kazi. Mdogo mtu, mwenye miaka sita, alijifunza kutouliza.

Mwaka 2002 marehemu alitoa riwaya yake ya saba. Ndani yake kuna mtoto wa kike aliyekufa, ambaye hurudi nyumbani kila siku saa kumi jioni na kuuliza kwa nini hakuitwa kula. Mkewe alisoma ukurasa wa kwanza, akaurudisha mezani, akasema, "Hiki mtafute mtu mwingine akipange." Kitabu kiliuzwa kuliko vyote. Maoni yalimiminika, na mengi yaliuliza swali moja: mtoto huyu ni nani? Marehemu hakuwa na moyo wa kulijibu mara mia tano. Alichapisha kadi ndogo isemayo: "Ndugu Msomaji, asante kwa maoni yako. Usihofu. Mtoto huyu ni wa kubuni tu, hajawahi kuwepo." Alisoma mstari wa kwanza wa kila barua, na akikuta swali hilo, aliigonga barua muhuri wa KADI pembeni, akatuma kadi.

Mwaka uleule binti yake mdogo, akiwa na miaka ishirini na miwili chuoni kwa wapima ardhi, aliacha kuja nyumbani. Salamu alizipitisha kwa baba yake mdogo, dawa za baba yake pia, lakini yeye mwenyewe alionekana mara moja tu, mwaka 2011, kwenye mazishi ya mama yake, akaondoka kabla ya kunawa mikono. Marehemu alidhani binti anaona haya kuwa mtoto wa Mzee Mizimu. Lilimuumiza sana. Alikuwa akisema, "Basi, si kila mtu anapenda vitabu," halafu anaangalia pembeni.

Kisukari kilimwanza mwaka 2008. Kilichukua mguu wa kushoto mwaka 2015, na macho mwaka 2017. Tangu hapo mdogo wake alifunga duka kila siku saa nane mchana akaenda kumsomea maoni ya zamani, boksi moja baada ya jingine. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Jumapili tarehe 26 Mei mwaka huu, 2019, mdogo wake alitoa ukurasa ulioandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, kama zile za kwenye ramani, bila jina la mtumaji, ila namba ya sanduku la posta la chuo tu. Alisoma mpaka mwisho:

"MTOTO HUYU ALIKUWA NANI? NAULIZA KWA SABABU NINAYEMJUA MIMI HAKULALAMIKIA CHAKULA HATA SIKU MOJA. ALIIMBA MPAKA SIKU YA PILI. MDOGO WAKE ALIKUWA NYUMA YA PAZIA, ALISIKIA YOTE. HUYO MDOGO MBONA HAYUMO KITABUNI?"

Marehemu alisema, "Soma tena." Ikasomwa tena.

"Mimi nilijibu nini?"

"Kuna muhuri, kaka. Kadi."

Alinyoosha mkono, akaupapasa muhuri ule kwa kidole. Kisha alisema, "Nilimwambia kwamba dada yake hajawahi kuwepo."

Mdogo wake alitaka kumpigia binti simu palepale. Marehemu alikataa katakata. "Aliniuliza kwa maandishi. Nitamjibu kwa maandishi, na safari hii sitaki kosa hata moja." Akaanza kutamka barua, mdogo wake akiandika. Kesho yake neno moja halikumridhisha, ikaandikwa upya. Siku ya nne alifuta aya nzima. Siku ya saba aliirudisha. Tulimwambia inatosha, hakuambilika. Figo zilikuwa zimeshachoka, sote tuliliona hilo, naye alikuwa bado anauliza kama hapo panafaa nukta au mkato. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni, saa tatu asubuhi, hospitalini, nakala ya tisa ikiwa chini ya mto. Ilikuwa na mistari sita. Haikuwa na kosa.

Binti alifika Ijumaa. Aliisoma amesimama kwenye korido, mara mbili, akaikunja. Kwa idhini yake tunasoma mistari miwili tu: "Dada yako alikuwepo. Wewe nilikuacha nje ya kitabu kwa sababu sikuthubutu kukutazama nyuma ya lile pazia."

Kisha aliuliza, "Baba mdogo, siku zote hizo kumi na moja, simu ilikuwa wapi?"

Simu ilikuwa mfukoni mwa baba yake mdogo. Nilimheshimu kaka yangu, sikuitoa.

Marehemu ametanguliwa na mke wake, na binti yake wa kwanza aliyeishi miaka tisa na miezi minne. Ameacha binti mmoja, mpima ardhi, mkwe mmoja, wajukuu wawili ambao hakuwahi kuwapakata, mdogo wake mmoja, na wasomaji ambao idadi yao hatuijui. Tunamwombea pumziko lile alilowanyima wafu wote wa vitabuni mwake. Lala, kaka.