Hakimu wa Behewa la Chakula na Jeli Yake Nyekundu

Ijumaa, tarehe 14 Juni. Asubuhi mawingu mazito, baridi kidogo, mvua hakuna. Hiyo ndiyo siku aliyostaafu mpishi mkuu wa behewa la chakula, baada ya kuitumikia treni yetu ya abiria kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili. Kazini sote tunamwita Hakimu, na wasomaji wageni wa jarida hili watataka kujua kwa nini.

Sababu ni jeli. Kila safari Hakimu alitengeneza jeli nyekundu. Ya abiria aliigandisha kwenye vibakuli, lakini moja aliigandisha kwenye bakuli refu la bati, akaipindua juu ya sahani na kuiweka mezani, karibu na dirisha la jikoni. Hiyo haikuguswa na mtu mpaka mwisho wa safari. Ilikuwa ya kumpima dereva. Dereva akifunga breki kwa pupa, jeli inainama. Akiingia kwenye kona kwa kasi, inapasuka chini. Akiendesha kwa utulivu, inafika imesimama wima, ikitikisika kidogo tu kama mtu anayecheka kimoyomoyo.

Madereva walianza kwa kumcheka, wakaishia kumwogopa. Treni ikishasimama, ungewaona wanapita chini ya dirisha la jikoni wakijifanya wana shughuli nyingine.

"Hakimu, leo nimehukumiwa vipi?"

"Umeachiwa huru, ila kwa onyo. Ile breki ya daraja la pili, bwana!"

"Jeli yako ina kinyongo na mimi."

"Haina kinyongo. Ina kumbukumbu."

Hata mkaguzi wa madereva aliikubali. Alisema ukikaa kule mbele kwenye injini, uzito wake unakudanganya, hujui abiria nyuma anarushwa namna gani. Kwa hiyo kila alipomaliza kumkagua dereva alikuja jikoni na kuuliza, "Jeli inasemaje?" Jibu la Hakimu liliingia kwenye hesabu ya maksi.

Ndiyo maana safari ya mwisho ya Hakimu ilitutia sote wasiwasi. Ratiba ilipobandikwa ukutani, tuliona kwamba dereva wa siku hiyo ni kitinda mimba wake, binti aliyekuwa mwanafunzi wa udereva, na kwamba safari hiyo ndiyo mtihani wake wa mwisho.

Lakini nieleze kwanza alikotoka Hakimu na jeli yake. Hakimu aliionja jeli kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sita, nyumbani kwa shangazi yake. Jokofu halikuwepo. Shangazi alikoroga unga wa pakiti kwa maji ya moto, akaweka bakuli ndani ya beseni la maji baridi chini ya kitanda, akawaambia watoto wakalale. Asubuhi jeli ilikuwa na tundu katikati. Shangazi akawapanga watoto wote mstari, akapima kidole cha kila mmoja kwenye lile tundu. "Nimewahi kushtakiwa kwa jeli kabla sijaanza kushtaki wengine," Hakimu alipenda kusema.

Alipoajiriwa, alianza kwa kumenya viazi chini ya mpishi mzee ambaye alikuwa ameiona jeli ya zamani. Mzee huyo alimsimulia jinsi wapishi waliomfunza walivyochemsha kwato na mifupa kutwa nzima, wakaengua mafuta, wakachuja kwa kitambaa, wakatia ute wa mayai ili supu ing'ae, halafu ndipo wakaongeza sukari na limau. Baadaye zikaja karatasi nyembamba za jelatini, ngumu kama plastiki, za kuloweka. Mwisho ukaja unga wa pakiti, na kitu kilichokuwa cha meza za matajiri kikafika chini ya kitanda cha shangazi. Hakimu aliisimulia historia hiyo kwa kila mhudumu mpya, na kila mhudumu mpya alipofika kwenye kwato aliacha kula.

Makosa naye alifanya. Mwaka wake wa kwanza, akitaka kumfurahisha bosi, alikata nanasi bichi akalitia kwenye jeli yote. Treni iliondoka, jeli ikabaki maji. Hakimu akaimimina kwenye glasi, akachomeka mirija, akaigawa kwa jina la "kinywaji cha safari". Abiria waliisifu. Bosi alimvuta pembeni: "Nanasi bichi haliachi jeli igande. Lichemshe kwanza, wewe mbunifu!"

Abiria wetu wanaijua jeli hiyo kuliko wanavyowajua wakurugenzi. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye suti na mkoba wa kazi aliketi, akaisukuma menyu kando, akasema, "Nataka ile nyekundu ya treni." Alipoletewa hakuila. Aliiinua dirishani, akafumba jicho moja, akatazama miti ikipita ndani yake. "Nilifanya hivi nikiwa nimepakatwa na baba," alisema. Hakimu alimletea ya pili, maana ya kwanza ilikuwa imeanza kuyeyuka mkononi.

Basi, Ijumaa ile. Jikoni, mwosha vyombo wetu alisogea karibu na Hakimu, aliyekuwa anapima maji. "Mzee, ongeza pakiti moja. Ikaze. Nani atajua?"

"Jeli itajua," alisema Hakimu, akapima kama siku zote.

Tulikwenda vizuri. Breki zilikuwa laini mpaka chai haikumwagika kwenye sosa. Kisha tukafika kwenye kona ndefu, na binti akaingia na mwendo kidogo tu zaidi ya unaotakiwa. Jeli iliinama kulia, ikarudi, lakini chini ilishapasuka. Hakimu aliitazama. Alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Mwisho wa safari mkaguzi aliingia, binti nyuma yake, kofia mkononi. "Jeli inasemaje?"

"Breki nzuri sana," alisema Hakimu. "Kona ndefu aliingia kwa haraka. Imepasuka."

"Baba!"

"Mwanangu, nimeulizwa habari za jeli. Sikuulizwa habari za binti."

Mkaguzi aliandika, akasema mtihani utarudiwa Alhamisi. Baba na binti walishuka stesheni kila mmoja peke yake, binti mbele na begi, mzee nyuma na kapu la zawadi zetu. Nimefanya kazi na Hakimu miaka mingi, na sijawahi kumwona akitembea polepole vile.

Alhamisi, tarehe 20, Hakimu alikata tiketi kama abiria yeyote. Alikaa behewa la chakula, mikono magotini, na nilimkataza kuingia jikoni kwa sababu jikoni sasa ni kwangu. Jeli niliitengeneza mimi, kwa vipimo vyake. Kwenye kona ndefu kila mhudumu alisimama alipokuwa. Treni ikaingia kwenye kona taratibu, ikapinda, ikanyooka. Jeli ilitikisika, ikatulia, imesimama.

Mkaguzi alipouliza, mimi ndiye niliyejibu. Binti aliingia akiwa dereva kamili. Hakumwangalia baba yake kwanza. Aliizunguka jeli, akainama kuikagua chini kabisa, pale ilipopasuka ile ya Ijumaa. Halafu akachukua kijiko, akakata kilele chake, akaenda alipoketi mzee.

"Fungua mdomo, Hakimu."

Akafungua. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa hajawahi kuionja ile ndefu. Safari ikiisha aliwaachia wasafishaji.

Hakimu, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa masihara yako na kwa kipimo ambacho hakikumpendelea mtu, hata wa damu yako. Pumzika sasa. Uwe na afya, uwe na raha, na nyumba yako isikose kicheko. Ukitaka kusafiri, kiti cha dirishani ni chako.

Nimeandika haya nyumbani Alhamisi hiyo hiyo, na sasa naenda kulala, saa tano kasorobo usiku.