Mzee Kufuli Anastaafu na Mbweha Wake Wawili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, Mzee Kufuli atakabidhi funguo zake baada ya kuitumikia bustani yetu ya wanyama kwa miaka thelathini na minne. Utawala uliniomba niandike wasifu wake, mfupi na wenye staha, kisha ukaniomba nisiandike. Ombi la kwanza ndilo lililokuja kwa maandishi, nami ni karani wa rejesta, nafuata maandishi.

Alianza kwa kufagia mabanda ya ndege, akapanda kuwa mlishaji wa ngamia, na hatimaye mtunzaji mkuu wa upande wa mashariki, wenye mabanda mengi na kivuli kidogo. Amewaaga wakurugenzi sita, kila mmoja akija na mpango mpya wa kuwahamisha kobe. Kobe wako palepale. Jina la Kufuli alilipata kwa tabia yake ya kufunga banda, kwenda hatua kumi, kisha kurudi kuvuta kufuli aone kama kweli limefunga. Hakuna mnyama aliyewahi kumtoroka, ingawa nyani walijaribu kwa bidii ambayo tungefurahi kuiona kwenye idara nyingine.

Lakini fahari yake kubwa ni mbweha wawili.

Miaka sita iliyopita mbwa koko mmoja alijipenyeza chini ya uzio wa mbuni, akazaa watoto wawili, akaenda zake. Getini, kama mjuavyo, pana bango linalokataza mbwa, na agizo lilikuwa kwamba mbwa yeyote atakayekutwa ndani, bwana afya ammalize siku hiyohiyo. Mzee Kufuli akawaficha wale watoto kwenye banda la mbweha, lililokuwa tupu tangu mwenyewe afe kwa uzee, na ambalo hakuna aliyekumbuka kung'oa kibao chake. Kesho yake ikawa siku ya kuhesabu wanyama. Karani akapita na kalamu yake, akasoma kibao, akaona masikio manne kwenye majani, akaandika: mbweha, wawili. Karani huyo hodari ndiye mimi. Mzee Kufuli alinitazama, akakausha.

Aliwaita Diwani na Katibu. Diwani alitangulia kwenye kila uovu. Katibu alifuata nyuma akiutangaza. Asubuhi, kabla ya wageni kuingia, aliwatoa wanyooshe miguu, nao waliinyoosha hadi kwa majirani. Waliwapindua kobe chali, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu mzuri kuliko wetu. Walimpokonya ndege mwari samaki aliyekuwa tayari mdomoni. Siku moja waliwapanga mbuni foleni wakawazungusha bwawa la kiboko mara tatu, hadi kiboko mwenyewe akatoka majini kuona kulikoni, jambo ambalo wageni hulisubiri kutwa nzima bila kuliona. Ngamia ndiye aliyewapenda. Mvua ilipowazuia kwenda kumsumbua, aligoma kula, na daktari wa mifugo akaandika kwamba ana mawazo.

Na wataalamu je? Mkaguzi kutoka makao makuu alisimama mbele ya banda lao dakika kumi nzima, akasifu manyoya, akaandika kwamba mbweha wetu wamezoea watu kwa kiwango cha pekee. Katibu alikuwa ametoka kumpa mkono. Mwalimu mmoja aliwaeleza wanafunzi jinsi mbweha anavyomkimbia binadamu, huku Diwani akimlamba kidole kupitia wavu. Mtoto aliyesema yule ni mbwa alifinywa sikio. Sisi wafanyakazi tulijua sote, tukajitia hamnazo.

Mapema mwezi huu ikaja barua. Sifa za mbweha wetu zilikuwa zimefika mbali, na bustani nyingine iliwataka, nayo ingetupa nungunungu watatu. Lori lingekuja Alhamisi ya wiki hii. Wiki iliyopita Mzee Kufuli aliambiwa atie sahihi fomu ya makabidhiano, kisha Ijumaa apokee ngao ya utumishi uliotukuka mbele ya wageni waalikwa. Alichotakiwa ni kuendelea kunyamaza tu, na kwa kazi hiyo alikuwa na uzoefu wa miaka sita.

Alikaa na ile fomu siku mbili, hali chakula, hataniani na mtu. Nilimshauri atie sahihi, kwa sababu mimi ni mwoga na kalamu iliyokosea ilikuwa yangu. Jumatatu akaingia ofisi ya mkurugenzi, nami nikiwa pale napanga mafaili. Akavua kofia.

"Mkurugenzi, wale si mbweha. Ni mbwa, nimewalea mimi, na nimewadanganya miaka sita. Naomba niende nao nyumbani."

Mkurugenzi alifungua shajara yake, akawafuta nungunungu watatu, mmoja mmoja. Kisha utawala ukatenda haki. Ngao imerudi stoo. Mzee Kufuli ameandikiwa barua ya onyo, ya kwanza tangu aajiriwe, isemayo kwamba akirudia atafukuzwa kazi. Aliipokea zikiwa zimebaki siku nne. Mbwa, kwa kuwa si mali ya bustani, wameamriwa waondoke pamoja naye. Msidhani hakuijali ngao ile. Mkewe alikuwa ameshapiga msumari ukutani. Aliitaka sana, akaiacha, nami sijawahi kumheshimu mtu kiasi hiki. Kuhusu kalamu yangu, nimeandika barua ya kukiri na ninasubiri majibu.

Ubaoni pana tangazo kwamba hakutakuwa na sherehe, na kwamba mfanyakazi yeyote asiache kituo chake kwenda kumsindikiza. Tumelisoma na tumelielewa. Kwa bahati mbaya, Ijumaa saa kumi na nusu geti kuu litahitaji kufagiliwa, kupakwa rangi, kutiwa mafuta kwenye bawaba na kuhesabiwa vyuma vyake kimoja kimoja, na idara zote zimejitolea.

Asante, mzee wetu, kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na mke mwenye subira kwa viatu vyake vitakavyotafunwa. Pita na wenzako katikati yetu, kichwa juu, na uwaite mbwa kwa sauti.