Dokta Kobelo na Mpira wa Maji wa Mgeta

Tarehe thelathini Juni, Dokta Alois Kobelo alitimiza miaka thelathini na mmoja ya kufundisha katika idara yetu, akarudisha funguo. Ofisi imesema maneno ya kumuaga hapa ukumbini niandike mimi, Bibi Winfrida wa jikoni, maana hakuna aliyemzoea kuliko mimi. Shule yangu iliishia darasa la nne. Anayetaka maneno makubwa amwendee mwingine.

Kazi yake ilikuwa kuwasimamia vijana wanaoandika tasnifu juu ya watu na vyombo vyao: simu, pampu, mashine za kusaga. Kijana akimletea mada, kabla ya kuisoma alimuuliza kama chombo chenyewe amekishika au amekisikia tu. Wengi walitoka wamenuna, wakaja kwangu kulalamika na kunimalizia maandazi. Niliwaambia wasinililie, mimi sisaini mada za watu.

Na alikuwa mtu wa kutazama mlima. Unampelekea chai unamkuta dirishani, ukungu umeshuka Uluguru hadi karibu na paa za watu, naye amekwenda nao. Chai inapoa. Nilimgombeza sana. Akanijibu anangoja ukungu ufunuke aone yule mtu kule juu anapalilia nini. Miaka yote hiyo, mtu gani sijui.

Mwanafunzi wake wa mwisho ni Doreen. Huyu alitaka kuandika juu ya simu, kwa kuwa wenzake wote wanaandika simu. Dokta akakataa kuisaini mada hiyo. Juni ikaingia, na wote tulijua kwamba akistaafu hajasaini, binti anapewa msimamizi mwingine, anaanza upya, mwaka umepotea. Doreen akakonda. Nikamwendea Dokta nikamwambia hiyo ni roho mbaya, mtoto wa watu ataugua. Akacheka. Kesho yake akampandisha Mgeta, kule juu mlimani alikooa yeye, nami nikafuatana nao maana nilitaka karoti.

Kule wakulima huteremsha maji kwa mipira mirefu, kutoka chemchemi hadi kwenye kabichi. Doreen akakaa na mkulima mmoja, Benedikto, akaanza maswali. Mpira unasaidia? Ndiyo. Aliamua mwenyewe kuutandika? Ndiyo. Kila kitu ndiyo, na binti anaandika huku anatabasamu. Dokta hamwingilii, anatazama mawingu yakipita chini yetu polepole kama kondoo.

Mara maji yakakatika. Benedikto hakuinuka. Alimwita mkewe, Maria. Maria naye akaagiza aitwe kaka yake, na mpaka kaka alipofika hakuna aliyeugusa ule mpira. Doreen akashangaa. Maria akacheka, akasema shamba ni la ukoo wa mama yake na maji pia, huyu baba mnayemuuliza hata jembe ameazimwa. Benedikto akadakia kwamba na chakula pia anaazimwa. Masikini, alikuwa anaitikia kila kitu kwa adabu ya mtu anayekaa ukweni.

Doreen akafunga daftari. Akainuka, akaufuata mpira kupanda mlima, akaingia kwenye ukungu tukampoteza. Tulibaki tunasikia maji yakinong'ona ndani ya mpira, yamerudi, na sauti yake mbali akiwaamkia watu shikamoo, shikamoo. Sijui tulikaa muda gani. Hata mimi nilisahau karoti.

Aliporudi amelowa hadi magotini, alikuwa na mada: nani ana haki ya kuusogeza mpira wa maji. Na namna ya kuitafiti alikuwa ameshaianza kwa miguu yake, yaani kuufuata, kukaa na watu, kuona nani anaugusa na nani anaitwa. Dokta alisaini palepale, karatasi ameilaza juu ya kabichi. Ina doa la maji mpaka leo.

Kwa hiyo msimnunie Doreen kwa kutokuwepo ukumbini. Yuko Mgeta, anafanya alichofundishwa.

Dokta, asante. Chai yangu umeipoza miaka thelathini na mmoja, lakini vijana wetu umewafundisha kunyamaza mbele za watu na kutazama. Tunajua sasa unahamia huko Mgeta, kwenye shamba la mama mkweo. Ukae kwa afya na amani, wewe na mkeo, na huo ukungu uutazame mpaka ushibe. Ila mpira wa maji usiuguse mpaka uitwe.