Birika la Wafunga Meli

Sikilizeni wanangu. Lutfi, zima hiyo simu; wa Dubai wataweza kukungoja, mimi sitaweza. Nyumba hii gawaneni kama Mungu alivyoamuru, wala mtu asimdhulumu dada yenu Nagat, aliyebaki hapa Suez akinigeuza kitandani. Lakini mashua nimemwusia Hamdun, mwenzangu wa kamba.

Msigune! Najua nimewalea kwa kumchukia. Kazi yetu mnaijua: meli ikiingia mfereji hutupandisha sisi na mashua zetu, ili upepo ukichafuka tushushwe tupeleke kamba ukingoni, mashua moja ya mbele, nyingine ya nyuma. Wazee wetu waliujua upepo wa hamsini, ule wa mchanga wa jangwani uvumao kabla ya kiangazi, kuja kwake na kwenda kwake, na mwaka ule wa ugomvi wetu nilikwisha kuapa mbele ya watu kwamba umekwenda zake. Upepo ukaja tena msimu wa kuvuna tende, kiangazi kikiisha, mchanga mwekundu, mkono wako huuoni. Mimi nikashuka, Hamdun akakataa. Meli ikafungwa upande mmoja tu, ikazunguka, ikakwama, sote tukasimamishwa kazi. Nikamwita mwoga, akaniita mpumbavu anayefuata kalenda ya marehemu.

Tuliporudishwa kazini hatukusemezana tena, na chumba tunachopewa melini ni kimoja, birika moja. Basi tukawa tunasema na birika. "We birika, mwambie huyo chai imeiva." Naye: "We birika, mwambie mzee sukari kaimaliza yeye." Mabaharia walivunjika mbavu. Miaka ikaenda hivyo, tufani zikawa haziulizi msimu, misafara ikawa inasimamishwa, na sasa nasikia barafu ya kaskazini imeyeyuka, meli nyingine zinapita huko. Tukawa tunashinda gatini bila meli, vijana wamejiendea, tumebaki wawili na birika letu. Mama yenu akafa, nanyi mkaondoka, na wallahi, wanangu, upweke ule uliniuma kuliko ugonjwa huu. Wahenga wamesema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Siwalaumu, lakini aliyekuwa akila nami ni yeye. Hewa ndiyo iliyobadilika, sisi tukalaumiana.

Fimbo mnayoisikia ikigonga pale chini kila alasiri ni yake. Nagat humwambia nimelala, kwa kunihurumia. Leo asiambiwe hivyo. Mashua akiipokea, asiishushe penye vumbi, hata wamwite mwoga dunia nzima. Mwambieni hayo ni maneno yangu.

Nanyi, Lutfi na Shafiq, msije mkahitaji birika ili msemezane. Radhi zangu mnazo, nyote watatu, Mungu awafunikie aibu zenu na awape watu wa kunywa nao chai... Hapana, maji siyataki. Nagat, teleka birika. Lile jeusi, lenye kishikio cha waya. Liweke hapa... karibu, nilione.

Fungueni mlango wa chini.

We birika... mwambie huyo... chai imeiva. Mwambie... apande.